Nyimbo rahisi za Kijapani za kuimba karaoke: mwongozo kamili kwa Mswahili

Usiku wangu wa kwanza kwenye chumba cha karaoke mjini Kobe, niliagiza wimbo nilioupenda kuliko zote wakati ule, "Yoru ni Kakeru" wa YOASOBI. Nilikuwa nimeusikiliza kila asubuhi kwenye treni kwa miezi minne, nikaamini ninaujua wote. Muziki ukaanza. Maandishi yakajitokeza kwenye skrini, rangi ikaanza kuyapitia kutoka kushoto kwenda kulia, na kufika mstari wa tatu rangi ilikuwa imeshaniacha. Ulimi wangu uko kwenye neno la nne, skrini iko kwenye la kumi na moja. Wenzangu wa maabara wakachukua maiki ya pili wakanimalizia wimbo, kwa upole kabisa.

Niliporudi bwenini nilikaa na kuwaza. Sauti ninayo, nimeimba kwaya tangu utotoni. Kijapani nilikuwa nimeshasoma mwaka mzima. Nilichokosea ni kuchagua wimbo kwa masikio, wakati wimbo wa kuimba huchaguliwa kwa mdomo na pumzi. Tangu siku ile nimekuwa nikiwachagulia nyimbo Watanzania na Wakenya wanaofika kusoma, na njia ninayotumia ndiyo hii hapa. Inamfaa pia anayejifunza Kijapani akiwa nyumbani, maana sijaona mazoezi ya matamshi yanayoshinda wimbo uliochaguliwa vizuri.

Hatua ya 1: Jua unaingia chumba gani

Kwetu karaoke mara nyingi ni ya baa: unapanda jukwaani, unaimba mbele ya watu usiowajua. Japani iko hivyo katika baa ndogo za mitaani, lakini wengi huenda kwenye karaoke bokkusu, jengo lenye vyumba vingi vidogo ambavyo mnakodi ninyi wenyewe mnaojuana. Malipo ni kwa kila mtu kwa nusu saa, na sehemu nyingi kila mmoja lazima aagize walau kinywaji kimoja. Mchana bei hushuka sana. Vyumba vya namna hii vilianzia Okayama katikati ya miaka ya 1980, kwa kugeuza kontena la mizigo kuwa chumba cha kuimbia.

Kwa hiyo watakaokusikiliza ni wale wale mliokula nao chakula cha jioni. Waangalie kabla ya kuchagua. Kama yupo sensei, yaani mwalimu, aliyevuka miaka sitini, uwe na wimbo mmoja wa ujana wake. Kama wote ni rika lako, leta wa miaka kumi iliyopita. Kuna sababu ya adabu hapo, lakini ipo nyingine ya manufaa yako mwenyewe: wimbo ambao chumba kizima kinaujua ni rahisi maradufu, kwa kuwa ukikwama watu wanakubeba. Wimbo mzuri usiojulikana utakuacha peke yako na skrini.

Hatua ya 2: Hesabu mizani

Hapa ndipo Mswahili anapopata faida ambayo wageni wengine hawana, na ningependa uielewe vizuri.

Shuleni tulifundishwa kwamba mshororo wa shairi la tarbia una mizani 16, nane kwa nane. Chukua mshororo huu nilioutunga sasa hivi: "Hesabu kwanza mizani, ndipo wimbo uupende." Hesabu kwa vidole. He-sa-bu-kwa-nza-mi-za-ni, nane. Ndi-po-wi-mbo-u-u-pe-nde, nane. Wajapani wanahesabu kwa namna hiyo hiyo. Haiku yao ni mizani 5, kisha 7, kisha 5, na kipimo chenyewe wanakiita haku. Katika nyimbo zao, kwa kawaida kila mizani hupewa noti yake. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao karibu zote huishia kwenye irabu kama zetu. Sakana, hana, sora, tamago: mtu wa Tanga au wa Mombasa anayasoma maneno hayo sawasawa mara ya kwanza, wakati mwenzake wa Ulaya bado anahangaika.

Lakini kuna mitego mitatu, na yote ni ya hesabu.

Wa kwanza ni irabu ndefu. Sisi tunasema Tokyo kwa mizani mbili, To-kyo. Kwa Mjapani ni nne: to-o-kyo-o. Osaka nayo ni nne, o-o-sa-ka. Usiogope, kwani Kiswahili kinalo jambo hilo kwenye kaa, choo na mzee. Kazi ni kukumbuka kwamba irabu ndefu inakula noti mbili. Ukiikatisha, utafika mwisho wa mstari kabla ya muziki.

Wa pili ni n. Neno sanpo, yaani matembezi, sisi tungelitamka sa-mpo, kama tunavyosema ta-mbo. Wao wanasema sa-n-po, tatu, na n ile inaweza kuwa na noti yake pekee. Fikiria nchi na mtu: n-chi, m-tu. Pale tunaipa n au m mizani kamili bila kufundishwa. Basi ipe hivyo kila unapoiona n ya Kijapani ambayo haifuatwi na irabu.

Wa tatu ni kimya. Sapporo ni sa, halafu mdomo unafungwa kwa mizani nzima, halafu po, halafu ro. Nne. Kiswahili cha kawaida hakina kitu hiki, kwa hiyo tunakiruka. Piga meza kwa kidole wakati wa kimya hicho mpaka mkono uzoee.

Silabi kama kya, ryo na hyu ni mizani moja tu. Zitamke kama vyo ya vyombo.

Sasa pima wimbo. Uweke kwenye simu, tafuta sehemu yake ya kasi zaidi (mara nyingi ni ubeti wa pili, au pale kabla tu ya kiitikio), washa saa ya kuhesabu sekunde, na kwa sekunde kumi piga kidole kwa kila mizani unayoisikia. Kiwango changu ni hiki: mizani zikiwa 40 au chini ya hapo, anayeanza ataimba. Kati ya 40 na 55, ataimba baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Zikikaribia 60, uache usubiri mwaka ujao. Ule wimbo wangu wa usiku wa kwanza ulipita hapo.

Pima na pumzi. Imba pamoja na mwimbaji ukiangalia anavuta hewa wapi. Kuna nyimbo zilizotungwa kwa programu za sauti kama Hatsune Miku, iliyotoka mwaka 2007, na vijana wanazipenda sana. Mashine haina mapafu, hivyo watunzi wengi wa nyimbo hizo hawaachi nafasi ya kupumua. Zisikilize kwa raha zote, lakini usianze nazo.

Mwisho angalia marudio. Wimbo wenye kiitikio kimoja kinachorudi bila kubadilika mara tatu au nne unakupa theluthi ya kazi bure.

Hatua ya 3: Ushone wimbo kwa kimo chako

Mwaka 1971, hapo hapo Kobe, mwanamuziki aitwaye Inoue Daisuke alitengeneza mashine aliyoiita 8 Juke na kuikodisha kwa mabaa. Wapo waliomtangulia, kama Negishi Shigeichi wa Tokyo mwaka 1967, lakini ni mashine za Kobe zilizoeneza mazoea haya. Inoue alikuwa akipiga muziki wa kuwasindikiza wateja wa baa wanaotaka kuimba. Mteja mmoja, mwenye kampuni, alitaka aende naye safarini ili ampigie huko. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki unaofuata namna anavyoimba yeye. Wazo la mashine likatokea hapo. Hakulisajili kwa hataza, na mamilioni waliimba bila yeye kutajirika kwalo.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinaonyesha karaoke ilianza kwa kumfuata mwimbaji. Usione aibu basi kubonyeza kitufe cha キー, kī, ambacho ndicho ufunguo wa wimbo. Kila ukibonyeza alama ya kutoa, wimbo unashuka nusu sauti. Ukibonyeza ya kujumlisha, unapanda nusu sauti.

Namna ya kujua ushushe kiasi gani: tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, ambayo mara nyingi iko ndani ya kiitikio. Iimbe mara tatu mfululizo kwa sauti kamili. Kama mara ya tatu shingo imekaza, shusha mbili ujaribu tena. Halafu kagua noti ya chini kabisa, isije ikageuka pumzi tupu. Wanaume wa pop ya Kijapani huimba juu sana, na mwanamume wa besi hulazimika kushusha tatu mpaka tano. Kama umewahi kuimba kwaya na uliwekwa sauti ya nne, anza na kutoa nne ndipo urekebishe.

Mwanamume akitaka wimbo wa mwanamke, aimbe kwa sauti yake ya chini, halafu aupandishe ufunguo tatu mpaka tano. Inashangaza watu, lakini ndivyo ilivyo: akiimba chini bila kupandisha, beti zinazama. Maneno habadilishi. Hakuna anayejali mwanamume akiimba maneno ya mwanamke, wala mwanamke akiimba ya mwanamume.

Kuna kitufe kingine kinachowachanganya wengi, kilichoandikwa 原曲キー, genkyoku kī. Hicho kinarudisha wimbo kwenye ufunguo wa rekodi halisi, kwa kuwa mashine yenyewe wakati mwingine imeshaupandisha au kuushusha kabla hujagusa chochote. Ukifanya mazoezi na rekodi halisi nyumbani, bonyeza hicho kwanza, ndipo uhesabu kushusha kwako. Mimi huandika kwenye simu: jina la wimbo, genkyoku, kutoa tatu. Siku ya kuimba sikisii.

Hatua ya 4: Nyimbo za kuanzia

Kama una muda wa wimbo mmoja tu, jifunze "Ue o Muite Arukō" wa Sakamoto Kyū. Ulitoka mwaka 1961, maneno ya Ei Rokusuke, muziki wa Nakamura Hachidai. Huko nje waliuita kwa jina la chakula cha nyama, Sukiyaki, kisichohusiana na wimbo hata kidogo, na Juni 1963 ulishika namba moja Marekani. Jina lake halisi maana yake ni tutembee tukitazama juu. Anayeimba anainua uso ili machozi yasidondoke. Hesabu jina lenyewe: u-e-o-mu-i-te-a-ru-ko-o, mizani kumi, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea bila haraka. Beti ni fupi, maneno yanarudi, na kuna sehemu nzima ya kupiga mluzi ambapo huhitaji neno lolote. Wazee wanaujua, watoto wanaujua. Sakamoto alifariki katika ajali ya ndege ya Agosti 12, 1985, na kwa watu wa umri fulani wimbo huu una uzito wake. Uimbe kwa utulivu. Nimeona sensei wangu, mtu wa maneno machache sana, akiweka glasi chini na kuanza kuimba sauti ya pili bila kuombwa.

Wimbo wa pili ninaowapa watu ni "Tsubasa o Kudasai" wa kundi la Akai Tori, 1971. Maana yake ni naomba mabawa. Huimbwa sana mashuleni, hivyo karibu kila Mjapani utakayekaa naye aliwahi kuuimba darasani. Ni wa taratibu, na noti ndefu zinakupa muda wa kusoma mstari unaofuata. Kiitikio kinapanda, shusha mbili kama sauti yako si ya juu.

"Sanpo", ule wa mwanzo wa filamu ya katuni ya Totoro ya mwaka 1988, ni wa watoto na una mwendo wa gwaride. Mtu mzima anauimba bila aibu yoyote. Kwa mwenye hofu kubwa ya maiki, mimi huanza na huu.

Ukitaka kukiinua chumba, chukua "Linda Linda" wa The Blue Hearts, 1987. Unaanza polepole kama mtu anayezungumza, halafu gitaa zinalipuka na kiitikio ni jina lile lile likirudiwa kwa kelele. Kwa hapo hakuna Kijapani cha kukosea. Watu wataruka. Kama koo lako ni la kuchoka upesi, uweke mwishoni mwa jioni, kwa kuwa baada yake hutaimba kitu laini.

Kwa wimbo wa taratibu na wa moyo, "Ito" wa Nakajima Miyuki hauna mpinzani machoni pangu. Ulitoka kwenye albamu ya mwaka 1992 na hadi leo huimbwa harusini. Ito ni uzi. Mwimbaji analinganisha watu wawili na nyuzi za kitambaa, mmoja mtande na mwingine mshindio. Sauti ya Nakajima ni nzito, kwa hiyo hata mwanamume hapati shida nao. Mizani zake ni chache, ila uchache huo una gharama yake: noti ndefu zinataka pumzi iliyopangwa. Vuta hewa kabla ya kila mstari, usingoje iishe.

"Nada Sōsō" ni wa jamii hiyo hiyo. Jina ni la lugha ya Okinawa, machozi yatiririkayo. Moriyama Ryoko aliandika maneno akimkumbuka kaka yake aliyefariki, muziki ni wa kundi la BEGIN, na Natsukawa Rimi aliueneza kuanzia mwaka 2001. Ni maombolezo. Usiuchague wakati wenzako wanacheka na kupiga matari, subiri chumba kitulie.

Kwa walio kwenye miaka thelathini na arobaini, "Chiisana Koi no Uta" wa MONGOL800, bendi ya Okinawa, 2001. Kila mtu ataingia kwenye kiitikio. Beti zina kasi kiasi, karibu na kile kiwango cha kati nilichotaja, hivyo uufanyie kazi kwanza. "Cherry" wa Spitz, 1996, una mwendo wa kupendeza na maneno yanayotamkika, ila mwimbaji wake Kusano Masamune ana sauti ya juu mno. Wanaume washushe nne bila kufikiri mara mbili. Kwa vijana, "Marigold" wa Aimyon, 2018: sauti ya kati, kiitikio kinachorudi, na hakuna mbwembwe za koo.

Mkiwa kundi, kuna "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" wa SMAP, 2003, uliotungwa na Makihara Noriyuki, na "Koisuru Fortune Cookie" wa AKB48, 2013. Nyimbo za makundi haya huimbwa na wengi kwa sauti moja, kwa hiyo watunzi huziweka mahali ambapo kila koo linafika. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza watafute nyimbo za makundi kabla ya nyimbo za waimbaji mashujaa. Huo wa AKB48 una pia uchezaji wa mikono ambao ofisi na manispaa nyingi Japani ziliurekodi kwa video, wafanyakazi wakicheza.

Za kuacha kwa sasa: YOASOBI karibu zote, "Pretender" wa Official HIGE DANdism kwa urefu wa noti zake za juu, na "Hakujitsu" wa King Gnu, unaoanza moja kwa moja kwa sauti nyembamba ya kichwani kabla koo halijapata moto.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma skrini

Baadhi ya nyimbo kwenye mashine zina maandishi ya Kilatini, lakini si zote, na ukizitegemea utabanwa. Hiragana ni herufi 46. Mtu mwenye bidii anazimudu kwa wiki mbili. Hizo zinatosha, kwa sababu juu ya kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, skrini huandika matamshi kwa hiragana ndogo iitwayo furigana. Ongeza katakana baadaye kwa maneno ya kigeni.

Yashike haya kabla hujaingia chumbani. Herufi は huandikwa ha lakini ikiwa kiunganishi inatamkwa wa. へ huandikwa he, nayo ikiwa kiunganishi inatamkwa e. を ni o. Ukikuta う inafuata mlio wa o, kwa kawaida ni irabu ndefu: こう ni ko-o, mizani mbili. い ikifuata mlio wa e nayo mara nyingi hurefusha e. Na waandishi wa nyimbo hupenda kuipa kanji matamshi yasiyo yake, kwa mfano neno la ulimwengu wa nyota, uchū, likaimbwa sora, yaani anga. Hata kama unaijua kanji, fuata furigana.

Neno moja kuhusu r. Igonge mara moja tu, kwa wepesi, karibu na l. Ukiikunja kama tunavyofanya tunapokazia neno, masikioni mwa Wajapani inasikika kama lugha ya wahuni.

Hatua ya 6: Ughani kabla ya kuuimba

Tafuta maneno mtandaoni kwa kuandika jina la wimbo pamoja na 歌詞, kashi. Yaandike kwa mkono, ukitenga mizani kwa vistari. Kisha, bila muziki na bila lahani, yaghani kama shairi huku ukipiga meza, kofi moja kwa kila mizani. Ghani mpaka ulimi usisite. Kwangu hii huchukua jioni tatu kwa wimbo rahisi. Ndipo uweke rekodi, kwanza kwa kasi ya robo tatu, ambayo YouTube inaiweza, halafu kwa kasi yake.

Jua maana ya kila ubeti, angalau kwa jumla. Ukijua mwimbaji analia au anacheka, sauti yako itafuata yenyewe.

Baada ya hapo nenda karaoke peke yako. Japani jambo hili lina jina, hitokara, na hakuna anayekushangaa kaunta. Nenda mchana wa siku ya kazi, lipia saa moja, imba wimbo ule ule mara sita. Washa gaido merodī, ile sauti nyembamba ya chombo inayokuonyesha noti, kwa mara mbili za kwanza, kisha uizime. Washa pia saiten, yaani alama. Mashine za DAM, aina mojawapo ya mashine za karaoke, zina namna ya kuonyesha vipande vya noti kwenye skrini na mstari wa sauti yako juu yake, na hapo utaona kwa macho ni wapi unashuka. Mimi niligundua hivyo kwamba nilikuwa nashuka kila mwisho wa mstari, kwa kuwa tabia ya Kiswahili ni kukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kuiachia ya mwisho. Kwenye wimbo wa Kijapani ile ya mwisho mara nyingi ndiyo ndefu. Ishikilie.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Juu ya meza kuna tableti. Kwenye mashine za DAM inaitwa denmoku. Mashine nyingi za sasa zina lugha ya Kiingereza, lakini jua maneno haya: 曲名 ni jina la wimbo, 歌手名 ni jina la mwimbaji, 予約 ni kuweka kwenye foleni, 演奏中止 ni kusimamisha wimbo. Hilo la mwisho litumie bila woga ukiona umekosea toleo. Kagua jina la mwimbaji kabla ya kutuma, kwani wimbo maarufu huwa na matoleo kumi ya watu tofauti, kila moja na ufunguo wake.

Weka wimbo mmoja tu kwenye foleni, usubiri zamu izunguke. Mwenzako akiimba, pigia makofi, chukua matari yaliyo kwenye kikapu, na usiitazame denmoku wakati wote akiwa kwenye kiitikio chake. Alama za saiten, mkiwa wengi, mimi huomba zizimwe mpaka watu wachangamke.

Utasikia wakiulizana ohako yako ni ipi. Huo ni wimbo unaomtambulisha mtu. Neno huandikwa kwa herufi za namba 18, kutokana na michezo 18 ya kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, iliyoteuliwa na ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjūrō kuwa ndiyo yao. Jiwekee ohako tatu: mmoja wa wazee, mmoja wa kelele, mmoja wa taratibu. Kwa mwaka wako wa kwanza hizo zinakutosha kabisa.

Hatua ya 8: Simu ikilia

Dakika kumi kabla muda haujaisha, simu ya ukutani italia. Mhudumu atasema ato juppun desu, zimebaki dakika kumi, na atauliza kama mnaongeza muda, enchō. Kama hamwongezi, jibu daijōbu desu. Dakika kumi ni nyimbo mbili, na ile ya pili iwe ya wote. Hapo mimi hutuma "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" bila kuuliza, nashusha ufunguo mbili, natoa maiki moja kwa mtu ambaye hajaimba jioni nzima, na nyingine naiweka katikati ya meza.